Naomba ushauri: ukingo wa dantela (lesi) ya marehemu mama kwenye triko (sweta) ya mjukuu

Wamama na dada zangu, salamu kutoka Bukavu. Binti yangu atajifungua mwezi wa 9, mvua zikianza kurudi na asubuhi huku ziwani ni baridi. Ninamfumia mtoto triko ya vifungo mbele, uzi wa akriliki rangi ya maziwa, sindano namba 3. Mgongo na mikono vimekwisha.

Shida ni dantela. Marehemu mama alifuma kwa kroshe kitambaa cha meza, pamba tupu. Tulipokimbia mwaka 1996 alifungia humo vyeti vyetu vya ubatizo. Katikati kimechakaa, lakini ukingo ni mzima: matundu madogo kama mbegu za papai, na pembeni doa la kutu la pini. Huo ukingo ndio nataka umguse mtoto.

Niliushona kwenye mkono wa kwanza. Triko inavutika, dantela haivutiki! Nilipopitisha vidole vyangu kujaribu, nyuzi mbili zikakatika. Nililia.

Je, niuweke kwenye pindo la chini tu, pasipovutwa? Au niushone kwa kuukunjakunja kidogo ili upate nafasi? Naogopa pia vidole vya mtoto kunasa kwenye matundu. Jirani anasema doa nilitie javeli (dawa ya kung'arisha nguo), mimi naona itaunguza pamba ya zamani. Aliyewahi kusafisha dantela ya namna hii alitumia nini? Sijagusa kitu tena, nawasubiri.