Vyombo vya mbao visamehewe masharti ya meli mpaka lini?

Mchukuzi wa Nazi
Wadau, habari za jioni. Mzigo wangu nautoa Mafia naushusha Kisiju. Wiki iliyopita nimerudi na chombo cha mbao chenye mashine. Nazi mpaka mdomoni, juu ya nazi mbuzi, juu ya mbuzi sisi. Nikamuuliza baharia jaketi za kujiokolea ziko wapi, akanionyesha kwa kidevu: chini ya nazi.
Nimefika nyumbani nikaanza kusoma. Kumbe SOLAS, ule mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, umeziacha nje meli za mizigo zilizo chini ya tani 500 za ujazo, vyombo visivyo na mashine, na vyombo vya mbao vya kienyeji. Swali: msamaha huu uendelee au ufutwe? Naomba hoja, matusi wekeni pembeni.

Kibopa la Mjini
Mkuu umepanda ngalawa halafu unauliza jaketi? Karne hii? Zipigwe marufuku zote, watu wanunue boti za kisasa. Hao manahodha wenyewe cheti hawana, wana mvi tu.

Demani
Shikamoo hutoi, sawa, ndiyo malezi ya siku hizi. Ila alichopanda mleta mada si ngalawa. Ngalawa ni gogo lililochongwa, lina ndubi mbili ubavuni, yaani vielea vya kulizuia lisipinduke, la kuvulia. Ukipakia nazi za mtu huyu kwenye ngalawa, utasafiri juu ya nazi, ngalawa itakuwa chini inakusubiri.
Na hizo mvi usizidharau. Nina miaka 31 baharini, nilianza na kufua ngama, kutoa maji yanayojaa chini ya chombo, nikiwa na miaka 12. Cheti changu ni kwamba leo niko hai naandika hapa.

Kadeti Bila Meli
Mzee wangu, kwa heshima zote, wale waliozama na wao wangeandika kama wangeweza.
Mimi nimemaliza pale DMI, chuo cha ubaharia Dar es Salaam. Vyeti ninavyo, muda wa bahari sina. Ukiomba meli wanataka uwe umeshasafiri, ukitaka kusafiri wanataka meli ikupokee. Halafu STCW, mkataba wa 1978 wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, nao umeviacha vyombo vya mbao vya kienyeji. Kwa hiyo asiyejua hata kutumia redio ya chomboni anabeba roho za watu arobaini, mimi niko Mbagala nahesabu mifuko ya saruji dukani kwa shemeji.

Demani
Redio tunajua. Jumamosi tunafungua ya mpira.

Kadeti Bila Meli
Ndiyo tatizo lenyewe hilo. Kila kitu kwenu ni mzaha.

Wakili wa Gati
Turekebishe kidogo kabla hamjapelekana mbali. SOLAS kwa sehemu kubwa inahusu safari za kimataifa. Kisiju na Mafia ni ndani ya nchi, hata ingekuwa meli ya chuma, kwa jaketi isingehesabiwa humo. Hapo ni sheria zetu wenyewe: wasimamizi wa usalama wa vyombo, bara ni shirika la TASAC, Zanzibar ni mamlaka ya ZMA. Kwa hiyo mleta mada, hizo jaketi zilizolaliwa na nazi hazijasamehewa na mkataba wowote wa dunia.
Halafu msamaha uko wa namna mbili, msiuchanganye. Uko wa chombo kuachwa nje moja kwa moja. Na uko wa kibali cha muda: meli imepungukiwa ofisa, nchi inamruhusu mtu wa ngazi ya chini yake kushika nafasi hiyo. STCW inasema kibali hicho kisizidi miezi sita, na nafasi ya nahodha au mhandisi mkuu haiguswi ila kwa dharura isiyozuilika, tena kwa muda mfupi kabisa. Huo wa pili ndio unaonitia wasiwasi mimi, maana unatolewa mezani.

Kibopa la Mjini
Maelezo marefu kama foleni ya Kigamboni. Jibu ni moja: mbao hapana, chuma ndiyo.

Bi Mkubwa wa Wete
Wewe kijana unayesema chuma ndiyo. Spice Islander iliyozama ilikuwa chuma.
Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 mimi nilikuwa bandarini Wete, chupa ya chai mkononi, namngoja dada yangu. Chai ile mpaka leo naiona. Meli ya abiria mia sita na ushei, tume ikaja kusema walikuwamo zaidi ya 2,000. Kule Nungwi wako walioelea kwa magodoro waliyokuwa wakiyaleta kuuza. Jaketi sijui, magodoro. Nani aliwasamehe wale? Mkataba gani?

Mchukuzi wa Nazi
Pole sana mama.

Kibopa la Mjini
Pole mama, sikukusudia. Ila hayo ni ya kule kwenu visiwani, mna mamlaka yenu. Huku bara tulishajifunza tangu MV Bukoba ya 1998.

Mkerewe Halisi
MV Bukoba ilizama ziwani 1996, tarehe 21 Mei. Mwaka 1998 ni bomu la ubalozi wa Marekani. Hata misiba unaichanganya?
Na hilo la "bara tulishajifunza" limenichoma. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere imetoka Bugolora, imebakiza hatua chache kugusa gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, ikapinduka. Uwezo wake watu 101. Tulizika 228. Kivuko cha serikali, cha chuma, bara. Magufuli alisema mwenyewe kwenye televisheni kwamba usukani aliachiwa mtu asiye na mafunzo. Siku mbili baadaye wakamtoa fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya tumbo la kivuko. Sasa niambie wewe bingwa, pale chanzo kilikuwa mbao?

Kadeti Bila Meli
Asante Mkerewe, ndicho ninachosema. Mtu asiye na mafunzo kwenye usukani.

Demani
Na mimi ndicho ninachosema. Chuma.

Mkerewe Halisi
Mnanigawana kama samaki.

Kadeti Bila Meli
Mzee Demani, tuongee kwa utulivu. MV Skagit iliyozama karibu na Chumbe Julai 2012 ilitengenezwa 1989 kwa ajili ya jimbo la Washington kule Marekani, kwenye maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Huku ikapangiwa mkondo wa Unguja, tena katikati ya kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini. Mtu aliyesoma anajua chombo kimeundwa kwa bahari gani. Mvi hazimwambii.

Demani
Siku ile mimi sikutoka. Nilikuwa nimetia nanga, nimekaa tezi, nyuma ya chombo, natengeneza tanga, naitazama bahari inavyovimba. Sikuhitaji kusoma ilitengenezwa wapi. Nani alitoka? Aliyesoma.

Kadeti Bila Meli
Hapo umenitukana.

Demani
Nimekujibu.

Bi Mkubwa wa Wete
Mwanangu Demani, chombo chako kina jaketi ngapi?

Wakili wa Gati
Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, unaogusa saa za kupumzika, mshahara, matibabu, umeyataja majahazi kwa jina lake pamoja na zile jongi za Wachina, ukayaweka nje. Yaani msamaha si wa mwenye chombo peke yake. Baharia wa jahazi naye "amesamehewa" haki zake.

Demani
Wakili, mshahara wa nini? Sisi ni mafungu. Chombo fungu lake, nahodha lake, mabaharia yao. Safari ikiwa mbovu tunakosa wote, hakuna wa kumlilia. Ukiniletea mkataba wa saa za kupumzika, nitaupumzisha vipi upepo?
Na hayo masharti ya meli nani atayalipa? Kuna visiwa meli haifiki, kina hakuna. Mimi chombo nakipandisha juu ya mchanga, maji yakipwa kinalala ubavu, watu wanashusha saruji na mchele maji ya kiuno. Leta hiyo boti ya kisasa ya Kibopa uilaze pale tuone.

Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Nimesoma yote na nyote mwakosea. Mwasema jahazi, jahazi, na chombo chenyewe alichokieleza mleta mada chaonekana ni mashua iliyotiwa mashine. Jahazi ni kubwa, nyuma limekatwa. Dau lina ncha omo na tezi, mbele na nyuma. Zile za Lamu zatiwa na macho mbele. Mtu asiyejua tafauti hii atungeje sheria?

Demani
Hapo nakupinga ndugu yangu. Huku kwetu mashua ikikua tunaiita jahazi, kama mtoto akikua anavyoitwa mzee.

Mvita
Yakhe, mtoto akikua hageuki kuwa babake.

Kibopa la Mjini
Mimi kwangu zote ngalawa.

Mvita
Huyu mtoeni.

Demani
Kibopa, nakuomba njoo gatini siku moja. Nitakuonyesha viungo vya chombo: mkuku, mataruma, mlingoti, foromali. Ukimaliza nitakupa kalafati ugonge pamba kwenye nyufa siku nzima, kisha tupake deheni, mafuta ya kuzuia maji na wadudu, chini. Ukirudi nyumbani mke hatakulaza kitanda kimoja kwa ile harufu.

Mchukuzi wa Nazi
Wakuu, mada ilikuwa msamaha.

Mvita
Deheni ya huko mwatia chokaa kiasi gani? Hapa siku hizi vijana wapaka rangi ya dukani, na wadudu watoboa vile vile.

Demani
Chokaa na mafuta ya mnyama, mkono ndio unaojua. Ikishika kidole bila kuchuruzika, imetosha. Rangi ya dukani ni ya wavivu.

Kadeti Bila Meli
Kwa hiyo kwenye deheni kuna kipimo, kwenye idadi ya abiria hakuna.

Demani
Kipimo kipo. Naangalia maji yamefika wapi ubavuni.

Kadeti Bila Meli
Usiku je?

Mkerewe Halisi
Hapo amekupata mzee.

Demani
Usiku nashusha mkono.

Wakili wa Gati
Kuna mtu anaweza kunisaidia? Mimi nilikuwa napendekeza hivi: chombo kibaki na umbo lake, lakini mambo matatu yasisamehewe. Jaketi za kila mtu, orodha ya waliopanda inayobaki nchi kavu, na mstari wa kupakia uliochorwa ubavuni. MV Bukoba abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa popote, ndiyo maana mpaka leo watu wanabishana idadi. Karatasi moja ya daftari la shule ingetosha.

Kibopa la Mjini
Ukiandika majina, mwenye chombo ataonekana kazidisha. Nani ataandika?

Mchukuzi wa Nazi
Kibopa leo umesema neno.

Bi Mkubwa wa Wete
Nimeuliza tangu mapema sijajibiwa. Demani, jaketi ngapi?

Demani
Mama, mimi abiria sibebi sana. Ni mzigo.

Bi Mkubwa wa Wete
Sikukuuliza abiria.

Kadeti Bila Meli
😂 Mama kabana.

Mvita
Jamani kuna mtu amekubali kwamba dau si jahazi au tuendelee?

Mkerewe Halisi
Kaka, kwetu ziwani tuna mtumbwi na boti tu. Mtatumaliza.

Kadeti Bila Meli
Mzee Demani, niseme moja la mwisho nilale. Mimi sitaki chombo chako kifungiwe. Nataka unichukue. Hata kufua ngama nitafua. Ila sijui kama hizo siku zitahesabiwa kwenye kitabu changu, maana chombo chenyewe kimesamehewa.

Wakili wa Gati
Kwa cheti cha meli kubwa usizitegemee, mdogo wangu. Lakini kuogelea kwenye kusi utajifunza.

Demani
Kadeti njoo Alhamisi, maji yanajaa alfajiri. Lete na hiyo redio yako.
Mama wa Wete, sijakukimbia. Nimeshuka chomboni sasa hivi na tochi, nimezitoa zote nikazitandaza mchangani. Kumi na moja. Nne kamba zake zimeoza, moja ya mtoto. Mabaharia tuko saba.

Kibopa la Mjini
Kumi na moja kwa ngalawa si mbaya.