Briggs 206 au 600 ya pikipiki kwa mtoto? Wauzaji wanasubiri jibu

BabaNeema_DSM
Habari zenu wana jukwaa. Nipo Des Moines, Iowa. Mwanangu anataka kuingia mbio za magari madogo ya udongo, yale ya fremu ya mabomba yenye bawa juu. Nimepata magari mawili. La kwanza lina injini ya Briggs & Stratton 206, imefungwa sili za kiwandani. La pili ni la cc 600, injini imetoka kwenye pikipiki ya Suzuki GSX-R600, limewekewa vizuizi vya hewa vya kupunguza nguvu kwa ajili ya watoto. Hili la pili bei yake iko juu lakini linakuja na matairi, rimu na boksi la spea. Wauzaji wote wawili wanataka jibu kabla ya Jumamosi. Ninachotafuta ni injini ambayo mwaka wa pili haitanifilisi. Nichukue lipi?

Mzee_wa_Bawa
Karibu. Ila hujatupa cha kukusaidia nacho. Mtoto ana miaka mingapi? Atakimbia uwanja gani? Amewahi kuendesha chochote? Nawe mwenyewe unashika spana au kila kitu utampelekea fundi? Bila majibu hayo, kila mtu hapa atakutajia gari analolipenda yeye.

Kabla hujatoa hata senti ya kianzio, chukua kitabu cha kanuni cha uwanja ulio karibu na wewe, usome ukurasa wa injini na ukurasa wa umri. Kisha chukua cha uwanja wa pili kwa ukaribu, uvilinganishe. Injini inayokubalika sehemu moja tu ni ghali hata ukipewa bure.

fundi_uvira
206 kaka. Usifikiri mara mbili. Mimi nafanya kazi ya garage hapa Cedar Rapids na mtoto wa dada yangu anakimbia karti, vile vigari vidogo vya mbio. Ile motere ni silinda moja, inapozwa na hewa, inakunywa petroli ya kawaida. Boliti zake zina sili za kiwanda, ukizikata imekwisha, hairuhusiwi tena. Kwa hiyo hakuna mtu wa kukuambia umpelekee akuongezee nguvu. Ikichoka ndani unanunua bloku nyingine iliyofungwa kiwandani. Mpya kabisa haifiki dola 1,000.

Kazi yako ni oili, plagi, mnyororo, kusafisha kabureta. Ni hayo tu.

Chapa305
206 ina nguvu za farasi kama tisa hivi. Mtoto akishazoea ataiona ndogo kabla msimu haujaisha. 600 hata ikiwa na vizuizi inamfundisha gari la kweli: tairi za nyuma zinateleza, bawa linasukuma chini, mguu unajifunza kutulia. Akikua unatoa vizuizi, injini ni ile ile, fremu ni ile ile. Hiyo ndiyo nafuu.

BabaNeema_DSM
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Ana miaka 11, Aprili anatimiza 12. Ameendesha karti za kukodi, si za mashindano. Viwanja viwili viko ndani ya mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani. Spana nashika, Kigoma nilitengeneza pikipiki miaka mingi. Bajeti sipendi kuitaja hapa.

Mzee_wa_Bawa
Bajeti ndiyo nusu ya swali, lakini sawa, ni siri yako.

Umri sasa unabadilisha mambo. Madaraja ya watoto ya injini ndogo yana kikomo cha umri, na kikomo hicho si kimoja kila mahali. Uwanja mwingine huangalia umri siku ya mbio ya kwanza, mwingine huangalia tarehe moja kwa mwaka mzima. Aprili yake inaweza kumpa msimu mmoja, au miwili, au asipate kabisa. Piga simu Jumatatu asubuhi, uliza hilo tu.

mama_kadogo
Shikamoo Mzee. Baba Neema, ngoja nikueleze yaliyotukuta sisi hapa Oklahoma, kwa sababu najua hakuna atakayekuambia siku ya kununua.

Tulinunua gari la 600 kwa daraja la injini ya kiwandani. Kanuni ilikuwa fupi ya kupendeza: injini ibaki kama ilivyotoka kwenye pikipiki. Mume wangu alifurahi. Tulipata injini ya pikipiki iliyoanguka, ina kilomita chache, tukaifunga, binti yetu akaanza kumaliza katika watano wa kwanza.

Majira ya baridi yakaja, klabu ikakutana. Wakasema kompyuta ya injini hawawezi kuikagua, hawana kifaa, kwa hiyo bora iachwe huru kila mtu aweke anayotaka. Sentensi moja tu kwenye kitabu. Ikawa kila familia inanunua kompyuta mpya na kulipia mtu wa kuipanga. Aliyekuwa na kompyuta nzuri akaona sasa mfumo wa moshi nao ubadilishwe. Msimu ukaanza, magari yaliyokuwa nyuma yetu yote yako mbele, na uwanja wa jirani umebaki na kanuni ya zamani. Kwa hiyo huku tuko polepole, na tukibadilisha, kule haturuhusiwi.

Tukaipeleka injini kwa fundi anayesifiwa, tukamwambia waziwazi: tunataka iwe safi kwa viwanja vyote viwili, angalia vali, weka gasketi mpya, basi. Alikaa nayo hadi tukakosa mbio za mwanzo. Ikarudi, ikawa na nguvu, tukadhani ni vali zimekaa sawa. Binti akashinda mbio yake ya kwanza ya fainali. Kwenye mizani ya ukaguzi baada ya mbio, mkaguzi akafungua kifuniko cha juu cha injini. Kamshafti, zile zinazofungua vali, si za kiwandani. Ushindi ukafutwa mbele ya watoto wenzake wote, akiwa bado ameshika kombe. Fundi alipoulizwa alisema alidhani tunataka kushinda. Pesa hakurudisha.

Ninachokiangalia sasa kwenye kitabu cha kanuni ni kitu kimoja: je, mkaguzi anaweza kukikagua pale pale uwanjani, kwa kifaa alicho nacho, mbele ya wazazi? Kama hawezi, hiyo kanuni itavunjwa au itafutwa, na vyovyote itakavyokuwa mimi ndiye nitalipa.

fundi_uvira
Pole sana mama. Huyo si fundi.

Chapa305
Pole sana mama. Lakini tatizo hapo ni klabu na yule fundi, 600 yenyewe haina kosa. Ukubwa wa injini unapimika: kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni. Mgandamizo kuna kifaa cha kupima kupitia tundu la plagi bila kufungua hedi. Kompyuta, mkaguzi awe nayo moja ya kiwandani, wakati wowote akuambie chomoa yako funga hii. Ukikataa umejifukuza. Yote haya yanawezekana wakitaka.

Mzee_wa_Bawa
Wakitaka na wakiwa na watu. Viwanja vidogo mkaguzi ni mzazi anayejitolea, na mtoto wake naye anakimbia. Ndiyo maana sili imeshinda. Kuangalia kama sili imekatwa hakuhitaji elimu ya injini.

Lakini tusidanganyane, sili nayo ina mlango wake wa nyuma. Nimeona Indiana mtu ananunua injini kadhaa zilizofungwa sili, anazipima moja moja kwenye mashine ya nguvu, anabaki na iliyo bora na kuuza nyingine. Hajavunja kanuni yoyote. Na 206 ina kile kibati cha kabureta chenye rangi kinachozuia koo lisifunguke lote. Kila rangi na daraja lake la umri. Mtu akiweka kibati cha rangi sahihi kilichosuguliwa kidogo, bila kipimo hujui.

Ruvu_Dirt
Kwa nini wasiweke ile kanuni ya kununuliana injini? Ukishinda, mpinzani aliyemaliza mbio ana haki ya kuichukua kwa bei iliyoandikwa kitabuni. Nani ataweka maelfu ya dola kwenye injini inayoweza kuondoka kwa mamia? IMCA, chama cha mbio za udongo, wameitumia miaka mingi kwenye daraja lao la modified, na makao yao yako hapo hapo Iowa, Vinton.

mama_kadogo
Kwa watu wazima labda. Kwa watoto sitaki. Mtoto ashuke na kombe halafu baba wa rafiki yake aje na spana kutoa injini? Wiki ijayo mtakaa jukwaa moja?

Ruvu_Dirt
Kanuni haijali urafiki, mama. Hofu ya kununuliwa ndiyo inafanya kazi, wanaonunua kweli ni wachache.

mama_kadogo
Urafiki ndio unaotuleta uwanjani kila Jumamosi. Ukiondoka, magari yanabaki matano.

Chapa305
Baba Neema, wewe mwenyewe hutaki kuendesha? Uko karibu na Knoxville ya hapo Iowa! Nationals, mbio kubwa za magari ya bawa, zinakimbiwa pale tangu 1961. Injini za inchi za ujazo 410 za wakubwa ni zaidi ya dola 50,000, hizo tuwaachie wenyewe. Ila kuna daraja la RaceSaver 305, wazo la French Grimes wa Virginia, sasa liko chini ya IMCA. V8 ya inchi za ujazo 305, karibu lita 5, hedi za aina moja kwa wote, na uzito wa chini ni ratili 1,550 pamoja na dereva. Huo uzito una maana kubwa: huna sababu ya kununua vipande vya titani kupunguza kilo. Ndiyo kanuni bora ya injini iliyowahi kuandikwa kwa mtu wa mshahara.

Mzee_wa_Bawa
Anauliza ya mtoto wa miaka 11.

Chapa305
Najua. Lakini mfano ni ule ule: zuia uzito na hedi, acha watu wajenge wenyewe. Injini moja iliyofungwa sili inakufunga kwa kiwanda kimoja. Tazama Legends, lile daraja la vigari vidogo vya mbio, walianza 1992 na injini kubwa za Yamaha za pikipiki, uzalishaji ukaisha, ikabidi walete ile ya silinda tatu ya cc 847 na kuhangaika kuzilinganisha.

fundi_uvira
Na 600 je? Yamaha aliacha kuiuza R6, pikipiki yake ya 600, kwa matumizi ya barabarani. Pikipiki za 600 zinapungua, na injini nzuri ya ajali nayo inapanda bei. Usiseme ni 206 tu.

Kisauni_Speed
Nawasoma kutoka Mombasa. Swali kwa wataalamu: sisi huku tuna injini za pikipiki za Boxer 150 kila kona, spea ziko hata kioskini, kila fundi wa boda anaifungua macho yamefumbwa. Kwa nini tusitengeneze gari ndogo ya mabomba, injini ya boda, ekseli ya nyuma isiyo na difu, tuanze daraja la vijana? Autocross iko Kenya miaka mingi lakini kijana wa Kisauni hawezi kununua gari la bagi la kuingia nalo.

BabaNeema_DSM
Hili wazo limenigusa. Kigoma tungeweza. Boxer naijua yote.

Mzee_wa_Bawa
Kijana, injini ndiyo rahisi yenu. Anzeni na mabomba ya fremu, mikanda, kiti, helmeti na kola ya shingo. Fremu ya bomba la maji la chuma chepesi itaua mtoto. Ukishapata mchomeleaji anayejua kazi, kanuni ya injini andikeni mistari mitatu: Boxer 150, kabureta iliyokuja nayo, bila kuongezwa saizi ya pistoni.

Ruvu_Dirt
Na bei ya kununuliana!

Kisauni_Speed
Mzee, pistoni za boda huku zinaongezwa saizi kila mara, silinda ikichakaa inachongwa inawekwa kubwa kidogo. Ukikataza hiyo, nusu ya injini zimekufa.

Mzee_wa_Bawa
Basi andikeni kikomo cha kipenyo, mpate kipande cha chuma kilichochongwa kwa saizi hiyo. Kikiingia kwenye silinda, imezidi, nje. Mama Kadogo ameshasema: kiwe kinakagulika pale pale.

fundi_uvira
Anzisheni uzi mwingine wa Boxer, nitachangia. Baba Neema, ulipiga simu?

BabaNeema_DSM
Nimepiga. Uwanja wa kwanza una daraja la 206 na mwanangu anaruhusiwa msimu ujao tu. Uwanja wa pili hauna 206 kabisa kwa umri wake, una 600 yenye vizuizi. Na vizuizi vyao ni vya saizi tofauti na vilivyomo kwenye gari ninalouziwa. Niliuliza kama kanuni ya injini itabadilika majira ya baridi, wakasema mkutano ni Novemba.

Muuzaji wa 206 amekubali kusubiri wiki moja. Wa 600 amesema kuna mtu mwingine anakuja kuliona.

Chapa305
Vizuizi ni vibati tu, unabadilisha kwa jioni moja. Nunua 600.

mama_kadogo
Huyo mtu mwingine huwa yupo kila gari likiuzwa. Baba Neema, nenda kwenye huo mkutano wa Novemba kabla hujanunua 600. Wanaruhusu wazazi wapya kukaa na kusikiliza. Uliza nani anakagua na anatumia kifaa gani.

fundi_uvira
206 msimu mmoja, mtoto ajifunze, halafu uiuze. Zinauzika haraka.

Mzee_wa_Bawa
Madereva wa NASCAR walianza hivi hivi: Christopher Bell alipita kwenye magari madogo hayo hayo ya Oklahoma, Kyle Larson karti za bawa za California. Mtoto akiwa na kipaji, injini ya kuanzia haimzuii.

Chapa305
Larson karti zake hazikuwa na sili.

Ruvu_Dirt
Wala hazikuwa na nguvu tisa 😄

BabaNeema_DSM
Swali la mwisho kwa leo: gari la 206 lina sproketi ya nyuma ya meno 60, muuzaji anasema inatosha uwanja wowote. Ni kweli?

fundi_uvira
Si kweli. Nipe urefu wa uwanja na saizi ya tairi ya nyuma.