Panya weupe wa kufuga: niwape nini badala ya ugali wa muhogo?

Mama Nasra (Ujiji)
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Binamu yake mwanangu alimletea panya weupe watano kwa treni kutoka Dar, wale wadogo wa kufuga, si hawa wezi wa darini. Mtaa mzima unatucheka: wenzetu wanatega, sisi tunanunua chakula. Wanakula tunachokula, ugali wa muhogo, na karanga kwa sababu ndizo wanazogombania. Mmoja amenenepa mpaka kutembea ni shida. Mwingine manyoya yamefifia na anajikuna shingoni. Chakula cha panya cha dukani huku sijakiona. Nataka kuwapikia mwenyewe kwa vitu vya sokoni kwetu. Nianzie wapi?

Kijana wa Kibirizi
Mama, usijitese. Nenda duka la mifugo, nunua chakula cha kuku wa mayai. Kina kila kitu.

Mzee wa Gungu
Marahaba, Mama Nasra. Kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa kulisha panya weupe wa maabara, kwa hiyo hapa sicheki.

Kijana, cha kuku wa mayai hapana. Kimejazwa chokaa ya kutengenezea maganda ya mayai, panya ataipeleka wapi?

Sasa ugali wa muhogo. Ni wanga mtupu. Katika gramu 100 za unga, protini haifiki hata gramu 3, na panya mzima anahitaji chakula chenye protini asilimia 14 hadi 16. Anayekua au anayenyonyesha, 18 na kuendelea. Karanga protini inayo, lakini karibu nusu yake ni mafuta. Huyo mnene wako ndiye mbabe wa kizimba: anamaliza karanga, wenzake wanabaki na ugali.

Panya ni mchaguzi kuliko mtoto aliyetoka kuugua. Umwagie mchanganyiko mzuri kiasi gani, ataokota vya mafuta na kuacha vingine. Kwa hiyo saga vyote viwe kitu kimoja, asipate pa kuchagulia. Kwa kilo moja: dona gramu 700, soya iliyokaangwa na kusagwa 100, pumba ya ngano 100, dagaa wakavu waliosagwa 100. Ongeza kijiko cha chai cha maganda ya yai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kutwangwa laini kama unga. Hapo protini ni kama asilimia 17, mafuta kama 6. Chumvi usitie, sukari usitie. Kanda kwa maji ya moto, viringisha vijiti vya unene wa kidole, oka kwenye sufuria kwa moto mdogo chini na makaa juu ya kifuniko, kisha maliza kukausha juani mpaka vigongane kama kokoto. Ugumu huo ni wa makusudi. Meno ya panya hayaachi kukua, lazima apate cha kuguguna.

Dagaa chukua waliokaushwa juu ya vichanja. Wa mchangani utawaosha mpaka uchoke. Wa chumvi waache kabisa.

Kila panya anakula gramu 4 au 5 kwa siku, basi hao watano kilo hiyo inawavusha mwezi. Maji yasikatike. Jioni wape jani la mchicha au kipande cha karoti, kidogo tu, na asubuhi uondoe kilichobaki. Wao hula usiku. Karanga iwe zawadi ya mkononi, nusu punje, si kila siku.

Vya kukataa: maharage mabichi, vitunguu, chokoleti, muhogo mchungu mbichi, na karanga au mahindi yenye ukungu. Watu wanadhani chakula kilichooza ndicho cha panya. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 haifai kwa mnyama yeyote, na panya hawezi hata kutapika.

Dada Mwandiga
Nakubaliana na Mzee, ila huyo anayejikuna asisingiziwe chakula peke yake. Shingoni na nyuma ya masikio ndiko utitiri unakokaa. Badilisha matandiko yote, osha kizimba kwa maji ya moto, asipopata nafuu mpeleke kwa daktari wa mifugo. Dawa ya kupe ya ng'ombe usimpake kwa kukisia, mwili wake ni gramu 30 tu.

Halafu madume na majike wanakaa pamoja? Mimba yao ni siku 20 hivi, na jike la wiki sita tayari linaweza kushika mimba likuletee wajukuu. Utapika hizo kilo kila wiki.

Mama Nasra (Ujiji)
Asanteni sana. Dume ni mmoja, na ndiye huyo mnene! Leo analala peke yake. Mzee, soya hapa kwetu napata kwa bahati. Kunde zinafaa? Na Ziwa Tanganyika likifungwa kwa uvuvi dagaa wanapanda bei, nifanyeje?

Mzee wa Gungu
Kunde zinafaa. Zichemshe ziive, kausha, ndipo usage. Protini yake ni ndogo kuliko ya soya, kwa hiyo weka gramu 200 na upunguze dona iwe 600. Dagaa nunua mapema, kabla ziwa halijafungwa, wakaushe tena juani na ufunge kwenye ndoo yenye mfuniko. Wakiadimika kabisa, yai la kuchemsha, kipande cha ukubwa wa kucha kwa kila mmoja, mara mbili tatu kwa wiki. Huyo dume usimkatie chakula ghafla, mpe vijiti hivyo hivyo. Karanga ndizo za kufuta.