Hoki inarudi Jumamosi: tunaotegemea viwanja, tupeane uzoefu

Mkaa Barafuni
Wakuu wa Marekani na Kanada, jana kambi za mazoezi zimefunguliwa, na Jumamosi tarehe 19 Januari 2013 NHL, ligi ya hoki ya barafuni, inaanza, mechi 48 badala ya 82. Nimeona kwenye taarifa ya habari lile gari la kulainisha barafu linazunguka, yote yakanirudia. Wanahojiwa mamilionea tu. Sisi tunaouza chakula, kufagia majukwaa na kuelekeza magari, tangu Septemba msimu uliposimama kwa mgogoro wa mkataba kati ya wenye timu na wachezaji, tumeishije? Tiririkeni.

Dereva wa Columbus
Hapa tulipangiwa mechi ya nyota wote tarehe 27 mwezi huu, Novemba wakaifuta. Sisi wa teksi tulishaihesabia kodi ya Februari.

Binti Kigoma
Kweli kabisa.

Mama Wawili
Mimi niko kibanda cha soseji na bia. Oktoba ubao wa zamu ukawa mweupe. Msimamizi akasema tuvumilie wiki mbili, zikazaa nyingine mbili, hivyo hivyo. Mume wangu alikuwa Korogwe kumzika baba yake, kodi ikabaki kwangu. Ada ya mdogo wangu nikaisimamisha bila kumwambia mama sababu. Nani nyumbani angeelewa kwamba hoki ndiyo imenikosesha kazi?

Desemba natoka kufua chini, nakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Mwanangu wa darasa la tatu anaisoma kwa sauti, kwa bidii kama yuko mbele ya mwalimu. Akafika kwenye tarehe ya kuhama, akageuka: "Mama, tunahamia wapi?" Nikakaa chini koridoni na kapu langu la nguo. Jirani yangu, mama wa Bukavu ambaye hata salamu zetu zilikuwa za haraka, akatoka, akaisoma, akarudi ndani kupiga simu. Jioni ile wenzake wa likelemba, upatu wa Wakongo, wakaja na bahasha. Sasa nafanya usiku kwenye ghala. Juzi ujumbe umeingia: "Zamu Jumamosi, unaweza?" Nimelia.

Binti Kigoma
Pole sana dada. Huyo mama wa Bukavu Mungu amzidishie.

Kocha Mstaafu
Lawama kwa wachezaji. Mishahara ile na bado wanagoma!

Mkaa Barafuni
Hawakugoma mkuu. Mkataba uliisha tarehe 15 Septemba, wenye timu wakafunga milango. Wachezaji walikuwa wanapata asilimia 57 ya mapato, sasa wamekubali 50.

Kocha Mstaafu
Ovechkin, nyota wa Washington, alikwenda zake Moscow akachezea timu ya Dynamo. Mama Wawili angekwenda kuuza soseji wapi?

Mkaa Barafuni
Na wenye timu nani kati yao kabandikiwa karatasi mlangoni? Chini ya Bettman, kamishna wa ligi, hii ni mara ya tatu wanafunga milango: 1994, 2004, na hii.

Mzee wa Montreal
Mwacheni dada apumue. Nyie mmepata nusu msimu. Sisi tarehe 16 Februari 2005 walifuta wote, Kombe la Stanley halikushindaniwa. Nilifanya usafi wa ofisi mpaka kiangazi.

Mama Wawili
Shikamoo mzee. Sasa nirudi uwanjani au nibaki ghala?

Mzee wa Montreal
Marahaba. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mechi za nyumbani ni 24 tu badala ya 41.

Dereva wa Columbus
Rudi. Mkataba mpya ni wa miaka 10, na bakshishi za ghala nani kaziona?

Kocha Mstaafu
Shika zote mbili, usingizi utaulipa Julai. Na ulizia mafao ya kukosa kazi. Majimbo mengine hata aliyepunguziwa saa anapata.

Binti Kigoma
Mafao hayo mimi walininyima. Usiyategemee.

Mama Wawili
Jumamosi nakwenda, nimeshabadilishana zamu ghala. Kadi za mlangoni za msimu uliopita bado zinafungua?

Binti Kigoma
Yangu imekataa leo. Wahi, na ubebe kitambulisho kingine.