Stesheni ya mbao iliyooza boriti ya chini: tuanzie wapi?

mlinzi_wa_stesheni: Wakuu, ni stesheni ndogo ya mbao ya miaka ya 1890 huko Georgia, Marekani. Kampuni ya reli inaitoa bure kwa sharti iondolewe kwenye ardhi yake. Upande wa jukwaa, boriti inayobeba ukuta imelainika. Fundi anashauri tuizungushie zege na kupaka rangi upya. Ni sahihi?

fundi_boriti: Zege hapana! Mara nyingi ndilo linaloozesha. Jukwaa la mbao liling'olewa, likamwagwa zege mpaka kwenye mbao za ukuta. Maji ya paa yanaingia nyuma yake na hayakauki. Livunjeni, mshushe usawa wa ardhi angalau sentimita 20 chini ya mbao, uinamie nje.

Kisha chokonoeni boriti kwa bisibisi nyembamba kila sentimita 30. Mbao nzima hubanduka kwa nyuzi ndefu. Iliyooza hukatika vipande vifupi bila sauti. Wekeni jeki juu ya magogo yaliyopangwa kwa kupishana, kamwe si juu ya udongo, na mwinue kama milimita 3 kwa siku. Mkiharakisha, vioo vya lile dirisha lililotokeza kuelekea reli, alipokaa karani wa telegrafu, vitatangulia kupasuka. Badilisheni kipande kimoja kimoja, kisizidi mita 1.2. Mbao mpya ikishatiwa dawa kiwandani, kila ncha mnayoikata ipakwe dawa tena, kwa sababu ya kiwandani haifiki katikati.

Rangi ya kabla ya 1978 ichukulieni kuwa ina madini ya risasi: lowesheni ndipo mkwangue. Msipulize mchanga, msitumie moto.

msoma_ramani: Kabla ya kung'oa ubao wowote ndani, pigeni picha kuta zote. Stesheni za Kusini mwa Marekani kwa kawaida zilikuwa na vyumba viwili vya kusubiria, cha wazungu na cha weusi. Tume ya Biashara baina ya Majimbo, chombo cha serikali kuu kilichosimamia reli, ilipiga marufuku utengano huo kwa abiria wa safari za kati ya majimbo mwaka 1955, na baadaye kuta nyingi za kati zikabomolewa. Angalieni sakafu: mstari wa matundu ya misumari na mbao zisizochakaa ndipo ukuta uliposimama. Msiupige msasa mstari huo. Ni ushahidi, na watu wa mji wana haki ya kuuona.

Vipimo vya asili tafuteni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, College Park, Maryland. Sheria ya 1913 iliagiza mali za reli zithaminiwe, na majengo yaliorodheshwa. Tumieni jina la kampuni ya wakati ule, si la sasa.

mlinzi_wa_stesheni: Na kuhamisha?

msoma_ramani: Kwanza ombeni kampuni ya reli iwakodishe ardhi, jengo libaki lilipo. Jengo lililohamishwa kwa kawaida halikubaliwi kwenye Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, ingawa yapo yanayokubaliwa, hasa kwa thamani ya usanifu wake. Ikishindikana, lisogezeni hatua chache tu, na lile dirisha la karani libaki likitazama reli.