Naomba ushauri: kidole gumba cha bandia kinachomoka jukwaani

Habari zenu wanamazingaombwe. Nimekwama kwenye mchezo wa kupoteza kitambaa na kukitoa tena kwa kidole gumba cha bandia, yaani kifuniko chenye uwazi kinachovaliwa juu ya kidole gumba halisi na kuficha kitambaa ndani. Kitambaa ni hariri, sentimita 20 kwa 20. Mazoezini hakuna tatizo, ila chini ya taa kali jasho linaingia ndani, na nikivuta kitambaa kidole kinatoka nacho. Mara mbili kimeanguka sakafuni mbele ya watu.

Poda nimejaribu: inasaidia dakika chache, kisha inalowa na utelezi unazidi. Kukwaruza ndani kwa msasa laini kumeongeza mshiko kidogo. Sasa nasokomeza kitambaa kuanzia kona moja na kuacha kona ya mwisho juu, maana kikiviringwa kama mpira hukwama na kuvuta kidole chote. Hilo limesaidia kweli, lakini halitoshi.

Naomba kujua: saizi inayobana zaidi itatosha, au kuna njia bora ya kudhibiti jasho? Na kikishaanguka, mnakiokota au mnakiacha? Nahofia kuinama, kwa sababu watazamaji hutazama pale msanii anapotazama.

Natanguliza shukrani.