Uliyehamia nchi ya mume au mke wako, ilikuchukua muda gani kuacha kuwa mgeni? Tupeane uzoefu

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya kwa muda mrefu, leo nimeona nami nitie neno, hasa kwa ajili ya wanaojiandaa kumfuata mwenza kwao.

Mimi niko mwaka wa sita katika nchi ya mume wangu. Tulikutana na kuoana kwetu, na kule yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Mimi ndiye niliyemshika mkono, nikasimama naye kwenye kila dirisha la ofisi, nikamsemea. Tulipohamia kwao mambo yakageuka, mimi ndiye nikawa wa kushikwa mkono. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni kwamba naye angebadilika. Si kwa ubaya, jamani. Kwetu alikuwa mpole, mtu wa kutafuta maneno. Kwao anaongea harakaharaka, ana kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, na mbele ya mama yake anarudi kuwa kitinda mimba. Nilihisi nimehamia nyumba moja na mwanaume mwingine. Karibu mwaka mzima ulipita kabla sijamzoea huyo wa pili, na leo nampenda kuliko yule wa kwanza.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni vicheko vya mezani. Ukweni watu wanasimulia, wote wanaangua kicheko, mimi namwangalia mume anitafsirie. Akimaliza, wenzangu wako kwenye habari nyingine, nikicheka nacheka peke yangu. Basi nikajizoeza kucheka nao bila kuelewa. Usiku nikirudi nyumbani mashavu yanauma.

Siku iliyonifungua macho ni siku jino liliponikamata, mume yuko safarini. Nilichukua bahasha ya zamani, nyuma yake nikaandika sentensi nne kwa lugha ya kwao: jina langu, jino linauma, tangu lini, naomba nafasi leo. Nikapiga simu. Dada wa mapokezi akaniuliza swali ambalo halikuwa kwenye bahasha. Nikakata simu. Nikakaa kitandani nikalia, kisha nikaongeza sentensi ya tano: "Mimi ni mgeni, tafadhali sema polepole." Nikapiga tena. Jino lilishughulikiwa siku ileile, na ile bahasha ninayo mpaka leo.

Nanyi je? Karibuni, hasa mliokaa muda mrefu kunizidi.

Mchangiaji wa 2

Asante kwa uzi huu, mleta uzi. Sisi wanaume tuliomfuata mke huwa hatusemi, acha leo niseme.

Nilikuwa fundi umeme kwa miaka 11. Nilipofika kwao mke wangu nikaambiwa leseni yangu haitambuliki, nilete ushahidi wa kazi nilizofanya. Mwajiri wangu wa mwisho alishafunga kampuni, na barua sikuwahi kuichukua. Miaka 11 ikayeyuka hivihivi kwa kukosa karatasi moja. Nikakaa nyumbani miezi tisa. Kila nikikutana na mashemeji swali ni "unafanya kazi gani?" na mimi najibu kwa wakati uliopita: nilikuwa fundi. Kumwomba mke hela ya kunyoa nywele ni jambo dogo, lakini linakula mtu ndani kwa ndani.

Kilichonisaidia ni kwamba mke wangu aliliona kabla sijalisema. Akaanza kuweka kiasi kwenye akaunti yangu kila mwezi bila kuombwa. Hatukuwahi kulizungumzia sana, na heshima ile sitaisahau. Baadaye nilianza kama msaidizi wa fundi ambaye kwa umri ni mdogo wangu, nikarudia mtihani, sasa nina leseni ya huku.

Kwa mnaojiandaa: kabla hamjaondoka, kusanyeni kila karatasi ikiwa na nakala. Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, vya shule pamoja na orodha ya masomo na alama, na barua za waajiri zinazosema ulifanya nini na tangu lini. Halafu ulizia suala la apostili. Huo ni muhuri uliotokana na mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, na nchi zote mbili zikiwa ndani ya mkataba, muhuri mmoja unatosha kuthibitisha kwamba saini na mhuri wa ofisi iliyotoa hati ni vya kweli. Kama nchi mojawapo haimo, mara nyingi hati hupitia wizara ya mambo ya nje ya kwenu kisha ubalozi wa huko uendako. Ukiwa mbali kazi hiyo ni mateso, utabaki kusumbua ndugu kwa simu. Fanya ukiwa bado nyumbani.

Mchangiaji wa 3

Mimi nilidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nanawa mikono mara kumi kwa siku, nakasirika basi likichelewa dakika mbili, na naweza kukodolea ukuta macho mpaka chumba kinaingia giza. Baadaye nikasoma kwamba mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika kuhusu hali hii, inayoitwa mshtuko wa utamaduni (culture shock), mwaka 1960, na kwenye orodha yake ya dalili yamo hayohayo: kunawa kupita kiasi, hasira kwa ucheleweshaji mdogo, macho yanayotazama mbali, hamu kali ya kurudi nyumbani. Anasema mwanzo unakuwa kama fungate, kila kitu kinapendeza, halafu unaporomoka, halafu unaanza kupanda taratibu. Kwangu kuporomoka kulikuja mwezi wa tano, na kupanda hakukuwa kwa mstari ulionyooka kama unavyoweza kudhani. Lakini kujua tu kwamba jambo hili lina jina kulinishusha presha.

La pili: marafiki wangu wote walikuwa marafiki wa mume. Tukigombana sina wa kumwambia. Nikajiunga na kwaya, mume haimbi wala hawajui wale watu. Kule mimi si mke wa fulani, mimi ni sauti ya pili.

Mchangiaji wa 4

Niwaombe radhi, mimi naleta ya kuumiza kidogo, ila bora yasemwe.

Miaka saba sikujua kibali changu cha kuishi kinaisha lini. Faili zima alikaa nalo mume, na niliona ni mapenzi, ananipunguzia mzigo. Tulipotengana ndipo nikagundua kibali kimefungwa kwenye ndoa. Nchi nyingi ziko hivyo, na masharti ya kubaki ndoa ikivunjika au mwenza akifariki yanatofautiana: kwingine wanaangalia miaka mliyoishi pamoja, kwingine watoto, kwingine ushahidi wa kwamba ulikuwa unapigwa. Soma sheria ya hapo ulipo wakati mnapendana, kichwa kikiwa kimetulia. Na usidhani ndoa inakupa uraia moja kwa moja. Nchi nyingi zinakutaka uombe mwenyewe na utimize masharti.

La watoto ndilo lililonitoa jasho. Nilishakata tiketi, mimi na wanangu wawili, narudi kwa mama yangu. Mwanasheria wa msaada wa bure akaniambia niache kwanza. Upo mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 kuhusu watoto walio chini ya miaka 16. Ukimtoa mtoto katika nchi anayoishi bila ridhaa ya mzazi mwenye haki naye, mahakama ya nchi mwanachama huko ulikokwenda inaweza kuamuru arudishwe. Haijalishi kwamba wewe ni mama yake wala kwamba unarudi kwenu. Ningeenda kama nilivyopanga, ningeweza kuwapoteza. Nilibaki, tukaelewana mahakamani, na likizo nakwenda nao nyumbani nikiwa na barua ya ridhaa iliyothibitishwa.

Dada zangu, kaka zangu: nakala ya kila hati iwe mkononi mwako. Siwatakii ndoa mbaya hata kidogo.

Mchangiaji wa 5

Mimi niko upande wa pili, nimezaliwa hapa na mke wangu ndiye aliyenifuata. Sikuwa najua chochote kuhusu ofisi za uhamiaji za nchi yangu mwenyewe, ningezijulia wapi? Kwa hiyo mke alipokuwa anahangaika nilikuwa namwambia "mbona ni rahisi tu". Neno hilo nalijutia.

Lakini kosa langu kubwa ni tafsiri. Baba ataongea dakika tano, mimi nimechoka, namgeukia mke namwambia "anasema sawa". Siku moja akaniambia, bila hasira, "Unanipa maganda, nyama mnakula wenyewe." Nilikosa la kujibu. Tangu siku hiyo nikawa natafsiri kila kitu, hata upuuzi, na nikawaomba ndugu waongee naye polepole bila kupitia kwangu.

Mleta uzi

Mchangiaji wa 4, nimekusoma mara mbili. Jana nimefungua kabati, nimetoa faili letu, nimepiga nakala ya kila kitu. Mume alinisaidia kupanga.

Mchangiaji wa 5, nimemsomea mume ujumbe wako, amenyamaza kwa muda.

Kuna mtu kaniuliza pembeni lini nilijua nimeanza kuwa mwenyeji. Wiki iliyopita mama mkwe alipiga simu yangu badala ya ile ya mwanawe. Magoti yanamsumbua, hataki mwanawe apate wasiwasi, alitaka tu wa kumsikiliza. Tulikaa kwenye simu karibu nusu saa, maneno mengine sikuyajua, nikamwomba arudie, akarudia. Tulipokata nikabaki na siri ya mtu wa nyumba ile, niliyopewa kwa lugha yao. Nilikaa nayo siku mbili, kisha nikampigia nikamwomba ruhusa, na jioni nikamsimulia mume kila kitu, neno kwa neno.